Mzee wa Kitufe

Kiharusi kiliniachia uhai, kikaniharibia mkono wa kulia. Mkono upo, lakini unatetemeka, na fundi mkereza mwenye mkono wa kutetemeka ana faida gani? Mashine yangu ya kukereza vyuma ikafunikwa shuka chumba cha nyuma, nami nikawa mtu wa kuulizwa kama nimekula.

Binti yangu, mhandisi, ndiye aliyelivuta lile shuka. "Baba, tunaitia kompyuta. Fundi utabaki wewe, mota zitakuwa mikono yako tu."

Nilikubali upesi mno. Akang'oa magurudumu ya chuma niliyoyalainisha kwa viganja vyangu, mahali pake akafunga mota. Nyaya zikatambaa hadi jikoni. Mama yake akalalamika kwamba sasa anapikia ndani ya kituo cha umeme, ila alikuwa anacheka. Shafti ya kwanza, fimbo nene ya chuma, ilipotoka, inang'aa, sawasawa na kipimo, nililia, na sioni haya kusema.

"Na mimi nashika nini?" nikauliza.

Binti akasita. Kesho yake akafunga kisanduku chenye kitufe chekundu kando ya kiti changu. "Likitokea la kutokea, bonyeza, kila kitu kinasimama. Roho yangu iko mkononi mwako, baba."

Kilemba cha ukoka hicho, nami nikakivaa! Kila asubuhi navaa ovaroli, nakaa wima, kidole juu ya kitufe. Mke wangu akaniita Mzee wa Kitufe. Nilijiona mtu tena, hata wateja nikaanza kuwakaripia.

Juzi binti alikuwa anatoka, mtandio umemzunguka shingoni, akapita kwanza kutazama kazi inavyokwenda. Akainama. Ncha ya mtandio ikanaswa na shafti iliyokuwa ikizunguka.

Nikabonyeza. Mashine ikaendelea. Nikabonyeza tena, nikakipiga ngumi, ndipo nikapiga kelele. Yeye alikwisha kuvutwa, akapapasa ukutani na kubonyeza kitufe kingine ambacho sikuwahi kuambiwa kazi yake. Mashine ikanyamaza.

Niligeuza kisanduku changu. Hakikuwa na waya hata mmoja.

Mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni. Akamfungua binti mtandio, akanitazama nikiwa na kisanduku mkononi, kisha akatazama sakafu. Hakuuliza kwa nini hakina waya.

"Ni mkono wako, baba," binti akasema huku akikohoa. "Ungekuwa unazima kazi kila saa. Tulitaka tu ujione uko kazini."

Tulitaka! Kumbe walikaa wawili wakanipangia mchezo kama mtoto anayezuiwa kulia. Wangeniambia kweli, ningepiga kelele kwanza badala ya kubonyeza. Shingoni alikuwa na alama nyekundu, nikataka kuigusa nione imeingia kiasi gani. Mkono ulikuwa unatetemeka vibaya, nikauficha kwenye mfuko wa ovaroli.