Hodi ya Sekunde Kumi na Mbili

Mama yangu hajawahi kuumwa kwenye simu. Anaishi peke yake Ruponda, na kila nikimpigia hajambo, ametoka shamba au anakwenda shamba. Kaka yangu Harithi, aliyeko Ruangwa, alisikia kwamba mama amekonda. Nikamuuliza mwenyewe. "Wamezoea kuniona na khanga mbili, siku hizi navaa moja," akasema, tukacheka. Lakini baba naye alikuwa hivyohivyo: Jumatatu hajambo, Alhamisi tukamzika. Kwa hiyo nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu huwa mkali kwa watu wasiohusika.

Asiyehusika alikuwa Mayunga, fundi wetu wa maabara hapa Nachingwea, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa. Kazi yetu ni kufuga hamira. Tuna tangi la kioo lenye mwiko wa chuma unaojizungusha, na juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, hudondokea humo tone kwa tone. Majirani wanaamini tunapika gongo. Wawili wameshakuja na vikombe. Tunachotafuta ni kujua nini kinatokea ndani ya seli za hamira sukari inapozifikia. Mambo hayo hupita kwa sekunde. Kwa hiyo tunavuta kiasi kidogo kwa mrija na kukitumbukiza kwenye spiriti yenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, ili kila seli isimame palepale ilipo. Kisha tunapima nishati iliyomo ndani yake.

Kwa wiki tatu vipimo vilisema seli zina njaa. Njaa gani, na juisi inadondoka? Nikamwambia Mayunga analala kazini. Alitia rangi nyekundu mrijani, akashika saa.

"Sekunde kumi na mbili, dada," akasema.

"Za nini?"

"Za njiani. Zikiwa mrijani hazidondoshewi kitu. Zinamaliza kale kasukari zilikobaki nako, zinafika kwenye baridi zimeshabadilika. Tunazipigia hodi, halafu tunadhani tumezikuta zilivyokuwa."

Nikamwomba radhi, kwa shida. Tukaukata mrija ukabaki kama kidole, tukaiweka spiriti mdomoni mwake. Sampuli ikazama kabla sijamaliza bismillahi. Majibu yalipotoka, seli zilikuwa zimeshiba. Zilikuwa zimeshiba wiki zote tatu, sisi ndio tulikuwa tukizitia njaa njiani. Mayunga akapiga makofi. Mimi nikawaza kuku.

Kila nikienda Ruponda humpigia mama kwanza, nikiwa stendi hapa Nachingwea. Nikifika nakuta uwanja umefagiwa, kuku yuko jikoni, na mama kajifunga khanga safi amesimama mlangoni. Toka stendi hadi mlango ule ni saa nzima. Hamira ilibadilika kwa sekunde kumi na mbili.

Jumamosi nikapanda bodaboda bila kupiga simu. Nikashuka mbali na nyumba, nikapita nyuma, kwenye mikorosho yetu. Kwetu hakuna anayeingia hivyo. Hata polisi hupiga hodi. Nikawa nakanyaga mabibo yaliyooza na korosho zake, hakuna aliyeokota. Nilipofika kwenye ua wa mabua nikapiga simu, nikaisikia ikilia upande wa pili.

"Sijambo kabisa, mwanangu." Sauti ilinijia mara mbili, kwenye simu na juu ya ua. "Ndo kwanza natoka shamba, hata jembe sijalitua."

Nikachungulia. Mama alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, miguu imevimba hadi magotini. Uwanja ulikuwa umejaa majani makavu. Nikakata simu, nikaingia.

"Fauzia! Hata hodi?"

Aliweka mkono mmoja chini ili asimame, na kwa mwingine akawa anaivuta khanga afunike miguu. Alikuwa amekasirika kweli. Nikapiga magoti, nikamshika mabega.

"Usisimame, mama."

Akashindana nami kidogo, kwa nguvu za mtoto. Kisha akaacha. Nilikuwa nalia bila kujificha, naye akanitazama kama anayetafuta neno ambalo hajalitumia siku nyingi.

"Naumwa, mwanangu," akasema. "Tangu mikorosho inachanua."