Mawe Makubwa ya Zahanati

Kila siku saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, Ng'washi alitandika ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba ya mwanawe, akapanga juu yake mawe manne ya redio, kisha akaketi katikati yake, miguu ameinyoosha. Mawe ndilo jina la betri katika kijiji kile, ziwe za redio au za tochi, na jiwe likichoka halitupwi. Huanikwa juani mpaka lipate nguvu za kumaliza walau taarifa ya habari moja. Saa sita aliyageuza mawe, naye akageuka. Saa tisa aliyaokota, akaingia ndani akiwa amejaa.

Hakuna aliyejua hasa jambo hilo lilianza lini. Kijiji chenyewe kilikuwa na miaka miwili tu, katika nyanda za Usangu, na kwenye makaratasi kiliitwa Namba Nane kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kukipa jina. Wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini ya mwaka 1974 Ng'washi alipakiwa kwenye lori pamoja na vyungu vyake, nyumba yake ya kule mbugani ikachomwa ili asije akashawishika kurudi, na tangu siku hiyo alikuwa akisikia baridi. Ndiyo maana alikaa juani na mawe. Baada ya masika ya kwanza akawa kama mawe yenyewe. Ukimshika mikono yote miwili ulisikia kitu kikikutambaa mpaka kwenye kiwiko, na taa ya nyuma ya lori, ukiifunga kwa waya kwenye vidole gumba vya miguu yake, iliwaka mpaka alfajiri.

Aliyelitumia jambo hilo vizuri alikuwa Leokadia, mkunga wa zahanati. Chumba cha kuzalia cha Namba Nane hakikuwa na dirisha. Ramani iliyoletwa ilikuwa ya ghala la mbegu, na mbegu hazina haja ya kutazama nje. Kosa lilipogunduliwa saruji ilikuwa imeshakauka, na kitanda cha chuma kimeshafungwa kwenye ukuta wa mbali na mlango. Mafuta ya taa yalifika mara mbili kwa mwaka. Mchana kweupe, mle ndani Leokadia alifanya kazi kwa kupapasa, na ndivyo alivyokufa mtoto wa kwanza wa Budeba na Helena, kitovu kimemzunguka shingoni na mkunga asikione.

Budeba alikuwa mwana wa Ng'washi. Baada ya msiba ule mama yake alikuwa akiitwa kila uchungu ulipomshika mtu. Alikaa kwenye kigoda, waya miguuni, akinusa ugoro wake, na taa ikawaka. Watoto kumi na wanane walizaliwa chini ya taa ile, hakupotea hata mmoja. Sasa Helena alikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane, na kama alipata usingizi ni kwa sababu mama mkwe wake alikuwa akijianika kila siku.

Mwezi wa sita mwaka 1976 likaja gari la wataalamu wa vyombo vya anga. Walikuwa wamepiga kambi nje ya mji wa Mbeya, mahali pa juu, wakijaribu vioo vinavyokula jua. Shida yao waliieleza bila kuficha. Chombo chao kikiwa juani kinashiba, lakini kikiingia kwenye kivuli cha dunia kinazimika, na betri ya kukivusha kivulini inakuwa nzito kuliko chombo chenyewe. Pamoja nao alikuwamo Isakwisa, fundi wa kuchaji betri za malori kule Ilomba, waliyemwajiri kwa sababu mita yake ilisema kweli kuliko zao. Isakwisa alipiga goti, akamwomba bibi ruhusa, akagusisha waya mwekundu kwenye kidole gumba kimoja na mweusi kwenye kingine.

"Volti kumi na mbili na nusu," alisema. "Huyu mzima kabisa. Ndaga, bibi," akamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Uzito?" akauliza mtaalamu mmoja.

Wakampandisha kwenye mizani ya mpunga. Kilo arobaini na moja. Wakaandika, wakatazamana, wakaomba kuonana na katibu wa kijiji. Katibu alikuwa Budeba mwenyewe, aliyesimama pale pale ameshika kamba ya ndama.

Budeba hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo lisemwe mapema. Aliwaomba wangoje mke wake ajifungue. Wakamwambia chombo hakingoji, kina siku yake. Akawaambia mama ndiye taa ya zahanati. Wakamjibu kwa adabu kwamba ndiyo maana kuna fomu. Fomu ilitoka Idara ya Mahitaji ya Vijiji, na katikati yake iliuliza: Kijiji kipewe nini badala yake? Budeba alikaa nayo tangu adhuhuri mpaka alasiri. Aliwaza kwamba mama ni mtu mzima na ipo siku atazimika, lakini mawe mapya, yale makubwa ya tochi, yakija maboksi kwa maboksi, Helena atazaa penye mwanga na mabinti wa Helena vile vile. Akaandika kwa mwandiko wake bora: Mawe makubwa, mengi, ya zahanati. Akatia sahihi.

"Mayu, umesikia?" alimuuliza mama yake.

"Nimesikia. Ile mara ya kwanza mlinipakia mkachoma nyumba," alisema Ng'washi. "Sasa hivi nyumba inabaki. Helena bado siku ngapi?"

"Kama ishirini hivi. Mawe yatafika kabla."

"Haya. Ila ngozi yangu niende nayo."

Ngozi haikuruhusiwa, kwa sababu ya uzito.

Ng'washi aliondoka Jumanne, na Jumamosi akaanza kupita. Alipita angani kila siku saa moja kasorobo jioni, akitokea upande wa Iringa, akikatiza juu ya mashamba ya mpunga na kushukia nyuma ya milima ya Mbeya, mwendo wa dakika nne. Watu walitoka nje kumwamkia. "Mwadila, mayu," wazee wa Kisukuma walisema, wakapiga makofi kidogo, wakarudi kwenye ugali wao. Isakwisa aliandika barua fupi kumjulisha katibu kwamba bibi hajambo na chombo hakizimiki tena kivulini. Bibi alisema huko juu jua ni tele, ila baridi ni ile ile.

Siku ya kumi na nne lori la tani saba lilisimama mbele ya zahanati, likainua mgongo, likamwaga mawe. Yalikuwa mawe ya mlimani, meusi, kila moja la kubebwa na watu wawili. Dereva akampa Budeba karatasi ya kupokelea.

Budeba alidandia lori la mchele mpaka Mbeya. Pale Idara, dada mmoja karani aliitafuta fomu, akaipata, akaigeuza ili waisome wote wawili.

"Si mwandiko wako huu?"

"Ni wangu. Lakini, dada, mawe ya tochi."

"Tochi iko wapi hapa? Hebu nionyeshe."

Budeba alitafuta. Tochi haikuwapo.

"Tena wewe umepata, kaka," karani akasema, bila ubaya wowote. "Wenzako wameomba mabati huu mwaka wa tatu."

Ili fomu isahihishwe, kijiji kilitakiwa kwanza kurudisha mawe yaliyopokelewa, kwa lori la kijiji. Namba Nane haikuwa na lori. Njia nzima ya kurudi Budeba alijichukia, kwa ajili ya neno alilokuwa akilitamka kila siku bila kuliangalia.

Uchungu ulimshika Helena siku ya kumi na tisa, saa nane mchana. Waraka wa serikali ulikataza kuzalia nyumbani, kwa hiyo alipelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha, na Budeba, kinyume cha desturi, akaruhusiwa kumshikilia mkono. Mtoto alitoka saa kumi na moja, msichana, akalia vizuri. Damu ya mama yake haikukatika. Leokadia aliufungua mlango mpaka mwisho, jua likaingia hatua tatu. Kitanda kilikuwa hatua ya saba.

"Mwambie mayu alete taa," Helena alisema.

"Anakuja," Budeba akamwambia.

Na kweli alikuja. Saa moja kasorobo Ng'washi alipita. Juu ya kitanda bati lilikuwa na tundu la msumari, na humo mwanga wake ukateremka, mweupe, umenyooka, ukatulia pale ulipohitajika. Leokadia akapaona palipochanika. Akashona mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Taratibu, mayu," Budeba alisema akitazama bati. "Mayu, ngoja kidogo."

Dakika nne zikaisha. Mwanga ukapanda ukutani, ukatoka. Mshono wa nne Leokadia aliushona kwa kupapasa, na wa tano pia, na hakujua ameshona nini. Helena alikufa kabla ya saa mbili kufika.

Mwezi wa nane Isakwisa alikuja mwenyewe. Mbele ya zahanati alikuta mawe arobaini na mawili yamepangwa juu ya ngozi za ng'ombe, yameanikwa. Kila siku saa sita watu waliyageuza, wawili wawili, na Leokadia alikuwa ameshatundika waya na taa mlangoni, tayari. Isakwisa alipiga goti. Alitoa mita, akapima jiwe moja, akapima na la pili. Sindano haikucheza.

"Bado," alisema.

"Bado," Budeba akakubali. "Hili jua la kipupwe dogo."

Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, amemfunika kanga mpaka utosini. Leokadia alishamwambia mara nyingi kwamba jua la asubuhi ni zuri kwa mifupa ya mtoto, lakini Budeba hakumtoa kivulini hata siku moja. Hakutaka ajae.

Isakwisa alimweleza kwamba bibi ameongezewa miaka kumi na mmoja ya kukaa huko juu, na kwamba safari hii hakuna fomu. Kisha akatoa kidaftari. Kila baada ya miezi miwili bibi aliruhusiwa kuuliza swali moja, na hili la kwanza alikuwa amelitunza tangu alipoondoka.

"Anauliza Helena alijifungua salama?"

Saa sita ilikuwa imefika. Budeba aliinama, akashika jiwe upande mmoja, akangoja. Isakwisa akaweka kidaftari chini, akashika upande wa pili, wakaligeuza pamoja.

"Mwambie mawe yalifika," Budeba alisema.

Isakwisa akaandika hivyo hivyo. Jumamosi jioni Ng'washi alipita kwa wakati wake, na wazee waliotoka kumwamkia wakaona kwamba aling'aa zaidi kidogo kuliko siku zote, kama mtu aliyepata habari njema kutoka nyumbani.