Shimo Nyuma ya Goli la Kusini

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na sioni haya kusema hivyo. Nilichimba dhahabu miaka tisa, Geita kwanza, kisha hapa Nyamongo, na kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, anayeamini upesi hutoka na vumbi huku mwenzake akitoka na pikipiki. Nilipoacha kuchimba nikaanza kufundisha mpira wasichana wa mtaani kwetu, tabia hiyo nilitoka nayo shimoni.

Kwa hiyo Jumatatu ile, mwenyekiti wetu Heche alipokuja uwanjani kusema tupishe kambi ya kipindupindu, nilimtazama machoni, naye akatazama goli. Watu walikuwa wanaugua, hilo silibishi. Lakini mwaka juzi Heche huyo huyo alimwazima mfanyabiashara mmoja eneo la gulio la zamani, kwa muda tu, alisema, na leo lina ukuta, geti na mbwa wawili. Nikamuuliza kwa nini iwe uwanja wetu, wakati ofisi ya kijiji ina ua mkubwa. Akasema nimuulize afisa afya.

Afisa afya aliitwa Bernadetha, dada wa makamo kutoka Ringwani, mwenye sauti ya chini. Alinieleza kwa utaratibu kwamba uwanja uko mbali na mto na visima, gari la wagonjwa linafika, na nyumba haziko karibu. Maelezo yalikuwa mazuri mno, na mimi maelezo mazuri mno hunitia wasiwasi. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mama yake mdogo ameolewa kwa kina Heche.

Nikamwambia kuhusu Jumamosi. Siku hiyo walikuwa wanakuja walimu wa shule moja ya bweni ya Mwanza kumwona Rhobi, kipa wangu, kama anafaa kupewa nafasi ya michezo. Rhobi ana miaka kumi na tano. Baba yake alishasema shule imetosha, labda asome bure, na bure ndiyo hiyo ya Mwanza. Uwanja mwingine wenye magoli hatuna. Bernadetha alichukua chokaa, akatembea mwenyewe kwenye mstari wa katikati akiukoleza.

"Kusini kwetu, kaskazini kwenu," alisema. "Wakubwa wangu hawatafurahi, lakini mtafanya mazoezi, na Jumamosi mtacheza. Asivuke mtu. Kila mtoto aje na chupa yake, na wanawe kwa sabuni kabla na baada. Nimekuamini, kocha."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilijiuliza ananinyamazisha ili nisione nini.

Nikaanza kuangalia. Jumanne walichimba shimo nyuma ya goli la kusini, refu kuliko mtu, wakalizungushia turubai. Shimo la choo halikuwa, vyoo vilikuwa upande mwingine. Wakaleta mapipa ya dawa na mifuko ya unga mweupe. Wafanyakazi walivaa buti za mpira, glavu hadi viwikoni na barakoa, na kila baada ya muda mmoja wao alibeba ndoo iliyofunikwa, akaingia nayo nyuma ya turubai, akatoka nayo tupu. Muulize mtu yeyote wa Nyamongo maana ya buti, glavu, unga mweupe na mapipa ya dawa. Hapa kwetu ndivyo dhahabu inavyochenjuliwa. Wagonjwa niliwaona wakishushwa, lakini nikasema moyoni, mgonjwa wa kipindupindu ni kificho kizuri, nani atamsogelea?

Nikamweleza rafiki yangu Simioni wa bodaboda, na kumweleza Simioni ni sawa na kupiga kengele ya kanisa. Kufikia Jumatano kijiwe chote kilikuwa kinasema uwanja una dhahabu na kambi ni geresha. Sikukanusha. Kusema kweli nilifurahi, maana kwa mara ya kwanza tangu niache kuchimba watu walinisogezea kiti.

Kilichobaki ni ushahidi. Alhamisi asubuhi, katikati ya mazoezi, nilipiga mpira kwa makusudi ukapita juu ya turubai. Rhobi alicheka, akasema leo kocha amevaa viatu vya kuazima. Mlinzi wa kambi alikuwa anamsaidia mama mmoja kushuka kwenye pikipiki. Nikavuka mstari, nikapita chini ya turubai, nikachota udongo wa ukingoni mwa shimo viganja vinne, nikautia kwenye mfuko na kuuficha ndani ya fulana. Harufu ya dawa ilinichoma macho. Shimoni sikuangalia. Ningeangalia ningeona, lakini nilishajua ninachokitafuta.

Karai langu la kuoshea dhahabu nililiuza zamani, kwa hiyo nyumbani nilitumia karai la timu. Niliosha kama tunavyoosha, nikizungusha maji polepole na kuyamwaga kidogo kidogo mpaka ukabaki mchanga mweusi chini. Hakikung'aa kitu. Nikarudia, hakuna. Nikajiambia nimechukua udongo wa juu, mali iko chini zaidi. Mikono niliinawa kwa sabuni. Karai nililisuuza kwa maji matupu, nikaliegemeza ukutani.

Ijumaa yalikuwa mazoezi ya mwisho. Kila msichana alikuja na chupa yake, wote wakanawa, nilisimamia mwenyewe kwa sababu sikutaka kumpa Bernadetha sababu ya kutufukuza. Mwishoni nikakata machungwa na kuyatia kwenye karai lenye maji yapoe, kama siku zote. Timu yetu ina desturi kwamba kipa anakula wa kwanza. Rhobi alikula vipande saba.

Jumamosi saa nne walimu wa Mwanza walifika. Bernadetha alikuwa amefunga kamba, ameweka ndoo za kunawia, na wageni walipitishwa kaskazini kabisa. Alitimiza kila alichoahidi. Rhobi alifika kwa pikipiki ya Simioni, amebanwa katikati ya Simioni na mama yake, macho yameingia ndani, na akapitishwa upande wa kusini. Mchana wakaletwa wasichana wangu wengine wawili. Wageni walisubiri, wakaangalia saa, wakaondoka.

Bernadetha aliniita mstarini. Akauliza wale watatu walikula nini pamoja. Nikaanza kumhesabia chupa na sabuni, kwa sauti ya mtu anayeonewa, mpaka nikafika kwenye machungwa, na hapo nikalikumbuka lile karai. Nilihisi kama nimeangukiwa na duara. Nikamwambia yote. Alikaa chini kwenye nyasi, akasema shimo lile ndimo wanamomwaga matapishi na kinyesi cha wagonjwa, na kwamba sasa lazima afunge na upande wetu.

Jumapili baada ya ibada Simioni alikuja na kundi la watu kubomoa turubai. Walisema wasichana wamewekewa sumu ili uwanja uchukuliwe wote. Mama Rhobi alisimama mlangoni mwa hema na kikombe cha uji mkononi, hakusogea. Wakaniita mimi niseme nilichokiona, kwa kuwa ndimi niliyeanza. Nikasema. Nikasema habari ya udongo, ya karai na ya machungwa, na kwamba dhahabu hakuna. Simioni akanitazama machoni, kisha akatazama goli.

"Kumbe na wewe wameshakununua, kocha," alisema.

Waliondoka wakilisema jina langu pamoja na la Heche. Turubai halikuguswa, na hilo tu ndilo jema nililolifanya wiki nzima.

Jumatatu Rhobi aliweza kukaa. Kitanda chake kilikuwa ndani ya boksi la goli la kusini, hatua chache kutoka mahali alipozoea kusimama. Nilinawa, nikakaa, nikamweleza bila kuruka kitu.

"Kwa hiyo dhahabu haikuwepo?" aliuliza.

"Haikuwepo."

"Na wale walimu walisubiri mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa nane."

Mtaa mzima, yeye peke yake ndiye aliyeniamini. Aliniamini neno kwa neno, kisha akaniomba nisirudi tena.