Soko Limekufa

Mjukuu wangu alinikataza kusema. Alinikataza kwa adabu, huku ananifunga kifungo cha shati hapa shingoni. "Babu, wakija wale wawekezaji wewe wakaribishe, wape viti, basi. Mambo ya kazi niachie mimi."

"Na wakiniuliza?"

"Waambie mimi niko njiani nakuja."

Haya. Mimi mtu wa kukatazwa kusema? Hata daktari wa meno hakuniweza. Lakini nilikubali, maana niliona yule mtoto amekikosea kifungo tundu lake mara mbili. Alikuwa ameacha kazi ya mshahara, kazi ya kiti cha kuzunguka, akaja kujifungia kwenye karakana ambayo zamani ilikuwa stoo yangu ya makorokoro. Yeye na fundi mmoja wa friji, tunamwita Waya kwa wembamba wake. Wanatengeneza sanduku la baridi. Muuza mboga anaweka mboga asubuhi, jioni hazijanyauka, na umeme halitumii. Usiniulize linafanyaje. Nilielezwa nikasahau, nikaelezwa tena nikasinzia. Ninachojua ni kwamba wageni wakikataa kutia hela, karakana inafungwa. Waya alishasema kuna watu wanamwita kwingine, na bila Waya hakuna sanduku.

Nilikuwa namsikia bibie, mjukuu wangu, akijisemesha mbele ya kioo. Wanatazama watu kwanza. Wanatazama kama mnaelewana. Wanatazama soko. Mimi nikawa nashangaa, soko gani la kutazamwa na watu wazima wenye gari?

Basi, wageni wakaja mapema. Mjukuu na Waya walikuwa wametoka kwenda kwa mchomeleaji kuchukua sanduku jipya. Nikabaki mimi na mama mmoja wa miwani, mpole, sauti ya chini, na kijana wake wa kompyuta asiyecheka. Nikawapa viti vizima, mimi nikakalia kile chenye mguu mbovu, hicho lazima ukikalie kwa akili. Tukatazamana. Nikakaza mdomo kama nilivyoagizwa.

Yule mama akasema, nadhani kwa kunionea huruma tu, "Mzee, soko lenu likoje?"

Nikafurahi. Swali lenyewe jepesi. Soko si lile hapo nyuma ya ukuta? Nikamwambia, "Aa, mama, soko limekufa. Zamani pa kukanyaga huoni. Sasa wanalala paka. Watu wote wamekimbia."

Kijana akaacha kubonyeza. "Wote?"

"Hata wa dawa humpati."

Akaandika. Mama akavua miwani, akaifuta polepole, na wala haikuwa chafu. Kijana akamwinamia, "Kwa hiyo wateja hawana."

Hapo nikaelewa. Kumbe soko ni wateja. Kumbe nimeulizwa kama biashara ya mtoto ina wanunuzi, na mimi nimeizika na paka juu yake. Nikaanza kurekebisha. "Sikiliza mama, mimi nilisema soko, siyo soko. Hilo jingine lipo." Nikajisikia mwenyewe naongea kama mlevi. Jasho likanishuka mgongoni hadi kwenye mkanda.

"Usijali mzee," mama akasema. Neno hilo lilinitisha kuliko kama angenitukana.

Mlango ukafunguka, mjukuu akaingia anahema, Waya nyuma yake na sanduku kwapani. Salamu, samahani, salamu tena. Mama akamwacha akae, kisha akamuuliza kwa sauti ileile, "Soko lenu likoje?"

Nikakohoa. Nikamkodolea macho.

"Babu, nikupe maji?"

Nikatikisa kichwa.

"Soko letu ni kubwa," akasema, "na linakua."

"Babu yako ametuambia limekufa."

Mjukuu akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu wa damu yangu. Nilitaka sakafu inimeze na kiti changu kibovu.

Waya akadakia, "Mzee anachanganya. Umri, mama."

Ilikuwa njia ya kutokea, nami ningeikubali. Waseme nimezeeka, waseme nimerukwa, mradi mtoto apone. Lakini mjukuu wangu aliikataa.

"Hajachanganya," akasema. "Soko hilo la nyuma limekufa kweli. Wateja wetu wa kwanza walikuwa pale. Walipohamia barabarani, kila mmoja kona yake, wakaturudishia masanduku. Yalikuwa mazito, hawawezi kuyabeba jioni."

"Hilo mbona hamkutuandikia kwenye maombi yenu?"

"Niliogopa mngeondoka kabla ya kuona hili jepesi."

Waya akafumba macho. Kijana akafunga kompyuta, nikasikia ule mlio mdogo wa kufunga, nikajua basi.

Mama akasimama. "Aliyerudisha wa kwanza ni nani?"

"Mama Mchicha," mjukuu akajibu.

"Twende kwake."

Mama Mchicha namfahamu. Mdomo wake hauna breki. Nikawafuata na magoti yangu haya, nikiomba awe mgonjwa kidogo siku hiyo, mafua tu. Tukamkuta mzima kabisa, kwenye kona yake, ananyunyizia maji mafungu ya mchicha. Akaona sanduku kwapani mwa Waya.

"Mmeniletea lile jeneza tena?"

Mjukuu akanishika mkono wa shati.

"Hili jepesi, mama," Waya akasema. "Jaribu."

Akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalishusha. Akalifungua, akanusa ndani. Akaanza kupanga mafungu yake humo, moja moja, akafunika, akakaa juu yake.

"Ungelinunua?" mama wa miwani akamuuliza.

"We dada, si nimeshakaa? Wao waseme nitalipaje."

Mama wa miwani akacheka kidogo. Kijana hakucheka, lakini alifungua tena kompyuta, palepale, kwenye vumbi.

Tulipofika kwenye gari lao mama akampa mjukuu wangu mkono. "Karatasi zitakuja. Tutaingia nanyi kwenye biashara. Lakini jambo kama lile, siku nyingine, nisilisikie kwa babu."

"Ndiyo, mama," akajibu, kisauti kidogo, kile alichokuwa nacho akiwa darasa la kwanza.

Gari likaondoka. Waya akaanza kurukaruka kama mtoto. Mjukuu wangu hakuruka. Nikamshika mkono, nikaukuta wa baridi kabisa.

"Babu, wamekubali," akasema.

"Nimesikia."

"Sasa mbona naogopa zaidi? Hela za watu hizi."

Tukatembea hivyo hivyo hadi nyumbani, nimemshika.