Kugonga Ukingo wa Kinu

Mtu mpya akifika kwenye kibanda cha watwangaji kule Salamabila, jambo la kwanza analofundishwa ni kugonga ukingo wa kinu. Wamama hutwanga wawili wawili katika kinu kimoja cha chuma, mchi mmoja ukishuka wakati mwingine unapanda, mpaka jiwe lenye dhahabu linakuwa unga. Kila baada ya muda, mmoja anagonga ukingo mara mbili, ko-ko, wote wawili wanapumua, kisha wanaendelea. Desturi hiyo ilitoka wapi, sikuwahi kuambiwa. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, nimesomea Kindu, na mbele ya wale wamama nilikuwa naona haya hata kuuliza.

Yaya Viviane, dada yangu mkubwa, ametwanga pale miaka kumi na miwili pamoja na Mado, mwanamke wa kutoka Wamaza mwenye mikono mirefu na mdomo usiolala. Yaya alipokuwa na miaka mitano, kule kwetu Lusangi, mafuta ya mawese yaliyochemka yalimmwagikia kifuani upande wa kushoto. Alipopevuka, titi la upande huo halikuota. Akazoea kukunja kipande cha kitenge na kukiweka ndani ya sidiria. Tulikuwa tunajua watatu tu, yeye, mama na mimi. Lakini kitambaa na kutwanga havipatani. Kila mara kilihama, kikapanda karibu na bega, na yaya akalazimika kugeukia ukutani, akajifanya anakohoa, akakirudisha mahali pake.

Mwaka jana nilisikia kwamba katika hospitali moja ya Bukavu kuna waganga wanaowapasua watu walioungua zamani. Nikaliandikisha jina la yaya kabla sijamwuliza. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Walimwekea mfuko mdogo wa silikoni chini ya nyama, wakamshona, wakamrudisha na karatasi: wiki sita asinyanyue kitu kizito, kisha aanze polepole. Kibandani alisema ametolewa uvimbe.

Maumivu hayakumtisha. Alichoogopa ni kwamba kifua kile kipya hakitakubali mchi, na kwamba atampoteza Mado. Mtwangaji mwenza hapatikani kirahisi. Mkikosana pigo moja, vidole vinavunjika. Mado alikuwa anatwanga peke yake wiki zote zile, na kila aliyeomba nafasi alimfukuza kwa mzaha.

Wiki ya saba nikakosea mimi. Nilimwambia yaya aanze na kazi nyepesi, achekeche tu ule unga wa mawe. Jioni kifua kilikuwa kimevimba na kina joto. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Asubuhi Mado akaja kutusalimu, akasikia habari, akanigeukia.

"Docta, weye ulishachekecha hata siku moja?"

Nikasema hapana.

"Kuchekecha kunavuta hapa." Akapitisha kidole kifuani kwake mpaka kwapani. "Muchi unashuka wenyewe. Wa kuupandisha ni miguu na mugongo. Rudi masomoni."

Yaya alicheka huku ameshika kifua, kwa mara ya kwanza tangu Bukavu.

Uvimbe ulishuka baada ya siku nne. Tukangoja mpaka wiki ya kumi. Nyumbani alijizoeza kwa mchi wa mama wa kutwangia sombe, kwanza kinu kikiwa kitupu, halafu na majani ya muhogo. Jumatatu moja akafunga kitenge chake kiunoni, akasema anakwenda. Nikamfuata na bandeji ndani ya mfuko wangu.

Wamama walimpokea kwa maneno yao. Mmoja alisema Bukavu inanenepesha wagonjwa, heri naye augue. Mado akampa mchi mfupi, uliokatwa kutoka chuma cha lori bovu.

"Huu ni wa bibi-harusi," akasema. "Ule mwingine utangoja."

Wakaanza. Yaya alikunja magoti, akauinua mchi kwa mgongo, akauachia. Pigo lake, pigo la Mado, pigo lake. Nilikuwa naikodolea macho blauzi yake, nikingoja doa. Doa halikuja. Jasho tu. Mimi niliyesoma majina ya misuli yote ya kifua sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuamuru kila msuli, huu ufanye kazi, huu ulale.

Kisha Mado akagonga ukingo, ko-ko.

Mwili wa yaya ukageuka wenyewe kuelekea ukutani. Mkono ukapanda kifuani, ukakuta hakuna cha kurekebisha. Akabaki amesimama hivyo. Mado alikuwa ameinamisha macho ndani ya kinu, kama mtu anayempisha mwenzake avae.

Hapo ndipo nilipoelewa. Si uchovu uliokuwa ukigongewa ukingo miaka yote ile. Mado aligonga kila kitambaa kilipohama.

"Ulijua tangu lini?" yaya akauliza kwa sauti ndogo.

"Siku ya pili. Ulikuwa unakohoa vibaya."

"Na hawa wote?"

Pande zote za kibanda vinu vilikuwa vinaitika, ko-ko, ko-ko. Wamama waliojifunza kwa wamama waliojifunza kwa Mado, na hata mmoja hakujua anafunika siri ya nani.

"Hawa waliiga," Mado akasema. "Ningewakataza, wangeuliza sababu. Twanga."

Wakatwanga. Yaya alikuwa analia bila kukosa pigo. Jua lilipopanda, kilemba cha Mado kikalegea, kikaanza kumshukia machoni. Yaya akagonga ukingo mara mbili, akainamisha macho ndani ya kinu, akangoja.