Mchoma Watoto

Zamani, donda koo lilipoingia mtaani, babu yake nesi wa zahanati ya mtaa alizunguka nyumba kwa nyumba na sanduku la sindano, akimchoma kila mtoto aliyekamatika. Watoto wakambandika jina, Mchoma Watoto, likamganda mpaka kaburini. Picha yake ikatundikwa juu ya mlango wa zahanati, na nesi aliipangusa kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la kadi.

Akaja mwongoza filamu, fundi kwelikweli wa kamera, ila masikio sijui aliyasahau wapi. Alisikia hilo jina, akachekelea. Filamu ikatoka: babu wa watu kashika dumu la mafuta ya taa, anacheka huku nyumba zinateketea. Wakaandika na maneno "kisa cha kweli", eti watu wasije wakadhani ni uongo.

Wiki ileile wakubwa wa zahanati wakaamuru picha ishushwe. Nesi, roho inamuuma, akamfuata bwana yule ofisini kwake.

"Sikutunga mimi, dada," alisema. "Wazee wenyewe waliniambia, yule alituchoma sote."

"Sote? Sasa waliokusimulia ni nani, majivu?"

"Filamu inataka moto, dada yangu."

Haya, picha ikashushwa. Ikafika siku ya chanjo, na yale mabenchi yaliyokuwa yakijaa mpaka watu wanakaa sakafuni yakabaki matupu. Akina mama walishaiona filamu, nani ampeleke mwanawe kwa mjukuu wa muuaji? Hilo lilimuuma nesi kuliko picha. Watoto kama hao ndio babu yake aliokuwa akiwakimbiza vichochoroni ili wasife.

Karibu na kufunga, akaingia mwongoza filamu mwenyewe, kambeba bintiye.

"Hukuogopa kumleta?" nesi akauliza.

"Aa, dada, ile ni filamu tu."

Naam. Mtaa mzima uliogopa, isipokuwa aliyeuogopesha. Mtoto alipoiona sindano, akaangua kilio. Baba akambembeleza: "Nyamaza mama, anakuchoma kidogo tu."

Nesi akalowesha pamba kwa spiriti, taratibu, hana haraka.

"Nimchome kwa sindano, kaka, au nitafute kiberiti?"

Baba mtu akapandisha mkono wa gauni la bintiye. Mtoto akachomwa, akalia, akanyamaza. Wakatoka, wakapita chini ya msumari usio na picha, na nesi akazirudisha chupa zote zilizobaki kwenye friji.