Shangazi Hataki Kugeuka Buluu

Temaleti, mke wa mwalimu, alizikwa na rangi yake ya maji ya kunde, na picha waliyomsimamishia kichwani pa kaburi ilikuwa ya maji ya kunde vilevile, na midomo myekundu juu yake. Mwanawe aliichapisha nyumbani kwa printa, akaitia kwenye plastiki, akaipigilia kwenye ubao, akarudi zake Sydney. Jua la kisiwa chetu cha Lifuka halina adabu. Wekundu ukaanza kumtoka Temaleti, ukafuata umanjano, na Pasaka ilipofika alikuwa wa buluu tangu kofia mpaka kidevu. Watoto wakawa wanamwita samaki, naye, Mungu amrehemu, hakuwa na la kuwajibu.

Kalolaine aliiona picha ile siku alipokwenda kufagia kaburi la mama yake. Alisimama na ufagio mkononi, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Fusi, binti wa kaka yake.

"Mimi sitalala hapa nikiwa buluu," akasema.

Fusi akaitikia, "Ndiyo, Shangazi," kwa sababu hilo ndilo jibu pekee alilopata kumpa tangu azaliwe. Kwetu dada wa baba ndiye mwenye neno. Akiingia nyumbani kwako akatamani kuku, kuku ni wake. Akisema binti wa kaka yake asisafiri, mabegi yanafunguliwa. Na hapo ndipo Fusi aliponasa, maana alikuwa amepata kazi Auckland, ya kutunza wazee katika nyumba yao maalumu, na alitakiwa aripoti kabla ya mwaka kwisha. Wenzake wote walishaondoka. Kalolaine hakujaliwa mtoto, na kati ya watoto wa kaka zake aliyebaki kisiwani ni Fusi peke yake. Basi msichana wa watu alikuwa analala na siri yake na kuamka nayo, huku akitafuta siku ambayo shangazi yake angekuwa na moyo mwepesi.

Siku hiyo haikuja, kwa sababu Kalolaine alianza utafiti.

Printa walikuwa nayo. Maikolo, kaka yake Fusi, aliileta ndani ya pipa kutoka Auckland, imezungukwa na nyama za kopo na kandambili. Maikolo alikuwa hodari wa kutuma mapipa. Mwenyewe hakukanyaga nyumbani tangu maziko ya baba yao, na kila Krismasi ilikuwa ni mwakani, Shangazi, mwakani. Kalolaine akachagua picha yake moja ya mkutano wa kanisa, ambayo alivaa kofia nyeupe na kutabasamu kidogo tu, kwa heshima, akamwamuru Fusi aichapishe kwenye kila karatasi iliyopatikana. Moja wakaitoa kwenye karatasi ya kawaida ya shule kwa wino wa bei ya chini. Nyingine wakaipulizia dawa ya nywele, nyingine wakaipaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Ya mafuta ya nazi ililiwa na sisimizi kuanzia pua. Ya vanishi ya mlango ilimfanya Kalolaine awe wa manjano kabla hata ya kuliona jua, akatazamana nayo, akaiambia pole. Moja tu, iliyochapishwa kwenye karatasi nzuri na wino mzuri uliokuja na pipa, waliitia kwenye fremu yenye kioo.

Fusi alipendekeza wazitundike uani, kwenye uzio.

"Kwani nitazikwa kwenye uzio?" Kalolaine akauliza.

Basi zikapelekwa makaburini, kwenye nafasi yake mwenyewe kando ya mama yake, zikapangwa mstari, Kalolaine kwa Kalolaine, zote zikitabasamu kwa heshima. Mchungaji Sateki alikuja kusema, kwa upole sana, kwamba baadhi ya waumini hawajisikii vizuri kupita pale jioni. Kalolaine alimjibu kwamba nafasi ni yake, sura ni yake na printa ni yake, akamfungia mihogo aende nayo nyumbani. Mchungaji hakurudi tena na neno hilo.

Miezi ikaenda. Kila Fusi alipojipiga moyo konde akafungua kinywa, "Shangazi, kuna jambo," shangazi alimkata kauli na kumtuma akawaangalie wagonjwa. Ndivyo alivyoziita zile picha. Fusi akaenda akarudi na taarifa: yule wa dawa ya nywele ameota ukungu, yule wa karatasi ya shule ameanza kwenda buluu masikioni. Kalolaine alisikiliza kama daktari mkuu, na ile habari ya Auckland ikarudi tumboni kwa Fusi. Nami nasema ukweli, mtoto alikonda.

Kilichovuruga mambo ni macho ya mzee Vuki. Vuki alikuwa anapita makaburini, akaona kofia nyeupe ndani ya fremu, akaisogelea mpaka pua ikagusa kioo, akamtambua Kalolaine. Zile nyingine hakuziona kabisa. Alivua kofia, akaomba, akalia kidogo maana ujanani alimpenda na hakuwahi kusema, akazungushia fremu maua. Mjukuu wake akaipiga picha ile picha, na maua yake, akaituma kwenye mtandao na maneno ya kumtakia shangazi pumziko jema. Alasiri hiyo mtandao wa kisiwa ukakatika kama kawaida yake. Lakini picha ilishafika Auckland.

Maikolo alipanda ndege ya kwanza aliyoipata, kisha ile ndogo ya kuja kwetu. Alishuka kwenye lori mbele ya nyumba na masanduku ya nyama iliyoganda, amejifunga mkeka mkubwa uliochakaa kutoka magotini mpaka kifuani, kama inavyompasa mtu anayemlilia mkubwa wake. Nywele zake zilizokuwa zinafika mabegani, ambazo wasichana wa Auckland walizijua, alikuwa amezikata zote kwa majonzi. Alikuwa analia kwa sauti, macho yamevimba, haoni mbele.

Kalolaine alikuwa kibarazani anasuka. Akatazama kichwa kile, akatazama ukubwa wa mkeka, moyo ukampasuka. Aliyekufa si mtu mdogo. Akamwita Fusi amtolee gauni jeusi, akaliendea kabati la mikeka yake, akatoka nayo miwili, mmoja mkubwa na mmoja mzuri mwembamba, maana mtu hawezi kujifunga mkeka wa msiba kabla ya kujua marehemu alikuwa juu yake au chini yake kwa heshima.

"Maikolo, nyamaza kwanza. Nani amekufa? Niambie upesi nijue navaa upi."

Maikolo akainua uso. Akamtazama shangazi yake, akamtazama Fusi aliyesimama na gauni mkononi, akaketi chini kwenye mchanga pale pale.

"Ni wewe, Shangazi," akasema.

Kalolaine akaiangalia mikeka yake miwili.

"Kama ni mimi," akasema, "basi mkeka si shida yangu."

Fusi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha aibu kilichotokea puani, na kikamwambukiza dereva wa lori. Lakini nyama ilikuwa inayeyuka, na watu wa vijiji vya mbali waliosikia habari walishaanza kuingia na magunia ya viazi vikuu, na mashua ya kisiwa jirani ilishatia nanga na mikeka ya rambirambi. Mkeka ukishatolewa haurudi nyumbani. Basi tanuri la ardhini likachimbwa, majani ya majimbi yakafungwa na nyama na tui, nguruwe akachinjwa, na Kalolaine akaketi mahali pa juu kwenye msiba wake mwenyewe, akipokea zawadi na kuwasahihisha waliotoa hotuba. Mzee Vuki alipofika akamkuta hai, alikaa nyuma kabisa na hakula kitu.

Maikolo alikaa wiki mbili. Alitengeneza paa, akaenda na wenzake kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, akarudi usiku anaimba, akalala sebuleni akikoroma. Fusi hakuwahi kumwona shangazi yake akiwa na furaha namna ile. Asubuhi Kalolaine alikuwa anaketi mlangoni na chai yake, analisikiliza lile jitu likikoroma, na mtu akimsemesha anamwashiria anyamaze.

Siku ya mwisho kaka na dada walikwenda makaburini kuwakusanya wagonjwa. Wengi hawakuwa na sura tena. Yule wa karatasi ya shule alikuwa buluu tupu, mpaka wa kofia na uso haujulikani. Lakini yule wa kioo, mwenye wino mzuri, alikuwa kama amechapishwa jana, tabasamu lake mahali pake. Maikolo alifurahi kama aliyeshinda mbio. Wakaja nazo nyumbani, akaziweka mezani, akamwambia shangazi kwamba utafiti umekwisha na jibu ni hili hapa.

Fusi aliona akinyamaza leo atanyamaza milele. Akapiga magoti kwenye jamvi, akasema yote kwa mkupuo mmoja, kazi, wazee, tarehe, na kwamba akiambiwa asiende hataenda.

Kalolaine hakumtazama. Alivuta picha mbili mezani, ya kioo na ya buluu, akaziweka mapajani.

"Maikolo, hii ya kioo itakaa muda gani?"

"Miaka na miaka, Shangazi. Nitakutengenezea fremu ya chuma, tunaiweka mara moja, basi. Hakuna mtu atakayehitaji kuja kuigusa."

"Na hii?"

"Hiyo?" Maikolo akacheka. "Hiyo ni takataka. Lazima mtu aje aibadilishe kila mwaka."

Kalolaine akampa ile ya kioo. "Nenda nayo Auckland, uitundike sebuleni kwako." Kisha akaifuta vumbi ile ya buluu kwa kiganja, taratibu. "Kwangu mtaweka hii."

Fusi alidhani hakusikia vizuri. "Shangazi, si ulisema hutaki kugeuka buluu?"

"Sitaki," Kalolaine akasema. "Ndiyo maana mtakuja."

Maikolo alijishika kichwa chake kisicho na nywele. Fusi akainamisha uso kwenye magoti ya shangazi yake, akalia mpaka gauni likalowa, na mkono wa Kalolaine ukashuka kichwani kwake ukakaa hapo.

"Nenda kazini kwako, mwanangu," akasema. "Na ukifika huko usije ukanunua karatasi nzuri. Nataka hii hii, ya rahisi kabisa."